Jiko la Makaa Juu ya Taili: Hii Ndio Sababu Dipositi Yako Hukatwa

Wasee wengi huamini taili ni kama jiwe, haiwezi kufanywa kitu na moto. Halafu siku ya kuhama inafika. Mwenye ploti anaingia na tochi, anainama pale kona ya jikoni, anaona ufa umekatiza taili mbili, na dipositi inaanza kukatwa hapo hapo. Unajitetea, "Lakini ni jiko tu niliweka!" Eeh, ni jiko tu. Hiyo ndio shida yenyewe.

Wacha tuanze kwa kuitetea taili, juu inasingiziwa sana. Hivi vigae ni udongo uliochomwa kwenye tanuri kwa joto la digrii 1,000 na zaidi. Zile ngumu za porselini hufika karibu 1,200. Kitu kilichopitia moto wa aina hiyo hakiwezi kuyeyuka wala kuwaka kwa sababu umeepua ugali ukaweka sufuria chini. Maji Nairobi huchemka kwa digrii kama 94 tu, vile tuko juu kutoka baharini. Mafuta ya mandazi ni kama 180. Pasi ya stima ikiwa moto kabisa ni karibu 200. Zote hizo taili inazicheka.

Kinachoiumiza ni kupashwa sehemu moja tu, haraka, wakati pale kando bado ni baridi. Kila kitu kikipata joto hutanuka. Taili hutanuka kidogo sana: urefu wa mita moja ukipanda digrii 50 unaongezeka kama theluthi moja ya milimita. Unaweza kusema hiyo ni nini sasa? Ila taili haijui kujipinda. Bati lingejikunja kidogo na maisha yaendelee. Taili inajua mambo mawili, kukaa ama kupasuka. Katikati pakitanuka, pembeni panavutwa, na udongo uliochomwa huvumilia kukandamizwa lakini kuvutwa haiwezi kabisa. Ndio maana ufa mara nyingi huanzia ukingoni halafu unakimbia kuelekea pale penye moto.

Sasa leta jiko la makaa. Makaa yakishashika vizuri na kuwa mekundu, hupita digrii 600 kwa urahisi. Jiko lenyewe lina miguu mifupi, na mara nyingi mguu mmoja ulishaenda zamani. Joto linashuka, kaa moja linapita kwenye tundu la majivu linatua sakafuni, na hapo taili imepata doa la moto saizi ya kiganja, huku taili ya jirani bado iko na baridi ya asubuhi. Kuna jaribio la kimataifa la taili, ISO 10545-9, ambapo taili hutolewa kwenye maji ya digrii 15 ikaingizwa kwenye joto la 145, mara 10. Ikipita hapo inasemekana iko fiti. Sawa, lakini 145 na 600 si majirani.

Na kuna kosa moja mbaya kuliko jiko lenyewe: kuzima makaa na maji hapo hapo ndani ya nyumba. Taili ilikuwa inajaribu kujituliza polepole, wewe unaimwagia jagi la maji baridi. Uso wa juu unanywea ghafla, chini bado moto. Pap! Hata kama haijapasuka yote, ile rangi yake ya kung'aa inaweza kutoka vimistari kama utando wa buibui. Hivyo havisuguliki. Vinakunywa chai na mafuta mpaka vinakuwa vya kahawia.

Utauliza, mbona udongo ulio ndani ya lile jiko la kauro, ambalo limekuwa Kenya tangu miaka ya 80, unakaa na makaa kila siku? Ule ni udongo wa aina nyingine. Una vitundu vidogo vidogo, kwa hivyo ufa mdogo ukianza hukwama kwenye tundu. Taili ya sakafu imebanwa hadi haina nafasi. Porselini hunyonya maji kwa asilimia 0.5 au chini. Hiyo ni raha ukipiga deki, lakini ufa ukianza hakuna cha kuusimamisha.

Kuna kitu kingine ambacho si makosa yako, na hapa ndio unafaa kuwa rada. Chukua sarafu, gongagonga taili za keja kabla ya kulipa. Ikilia nzito, iko sawa. Ikilia kama ngoma, fundi aliweka vidonge vitano vya simiti chini yake, pembe nne na katikati, akasonga. Hewa iliyobaki hapo chini haipitishi joto vizuri, kwa hivyo taili inapata moto peke yake na haina kitu cha kuishikilia. Hiyo itapasuka hata na jiko lenye adabu. Piga picha ukiingia, mtumie mwenye ploti siku hiyo hiyo, ili tarehe ibaki kwa simu.

Kama lazima utumie makaa, washa na upikie nje, ama kwenye balkoni iliyo wazi. Chini ya jiko weka matofali mawili na juu yake bati au karai kuukuu lenye mchanga. Mchanga unasambaza joto na unadaka makaa yanayoanguka. Meko haina stori nyingi, moto wake unaenda juu. Sufuria ya mafuta moto iweke juu ya ubao.

Lakini usilete jiko ndani juu eti Julai ni baridi na umeshaweka mchanga chini. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kwenye bedsita iliyofungwa madirisha, watu hulala na hawaamki. Taili haitakuonyesha dalili yoyote, na usingizi ndio dalili yenyewe.

Na kama ufa umeshatokea, usiujaze simiti nyeupe ukidhani hautaonekana. Taili moja inaweza kutolewa peke yake: fundi anakwangua simiti ya maungio pande zote nne, anaivunja kuanzia katikati, anaweka nyingine. Muulize mwenye ploti kwanza kama alibakisha za ile ya zamani stoo. Za dukani zinaweza kuwa na jina lilelile, ila zikitoka tanuri tofauti rangi hupishana kidogo, na huyo mzee wa tochi ataona.