Jiji la Maji Baridi Limeshikwa na Homa

Jina Nairobi lina asili yake katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Mwanafunzi aambiwapo hivyo leo, hali amesimama darajani juu ya mto huo, hana budi kuangua kicheko, kwani maji ayaonayo ni meusi, yenye uvundo na yaliyosheheni taka. Hata hivyo, jambo lenyewe si la kuchekwa.

Jiji letu lina maradhi mawili ambayo wengi huyadhania kuwa mbalimbali: joto wakati wa jua na mafuriko wakati wa mvua. Kwa hakika chanzo chake kikubwa ni kimoja. Lami, saruji na mabati hufyonza joto mchana kutwa. Mti hutenda kinyume: hutoa kivuli, na majani yake hutoa mvuke upozao hewa. Mvua inyeshapo, ardhi yenye miti huyanywa maji taratibu, ilhali ile iliyofunikwa kwa saruji huyasukuma mitoni kwa mkupuo mmoja. Tuukatapo mti, basi, twajiletea joto na gharika kwa shoka lile lile.

Walikuwapo walioling'amua hili mapema. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Alikejeliwa, lakini jumba halikujengwa. Mnamo Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Leo msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ungalipo, na wakazi huenda humo kupunga hewa.

Lakini si kila mkazi aliyejaliwa kuwa jirani ya Karura. Katika mitaa kama Mathare na Mukuru, mabati yamebanana hata mti hauna pa kusimama. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaua watu na kuzoa nyumba huko. Kisha serikali ikaamuru walio kandokando ya mito wahame, na matingatinga yakabomoa makao yao. Sikatai kwamba kingo za mito zapaswa kuachwa wazi. Lakini wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikiwa kibanda cha maskini ukingoni ni kosa, jumba la tajiri ukingoni nalo ni kosa. Tena aliyebomolewa aonyeshwe pa kwenda, la sivyo atarejea pale pale.

Nanyi walimu mna fungu lenu. Kupanda mche siku ya sherehe na kuuacha unyauke kiangazini si elimu. Kila darasa na likabidhiwe mti wake, liutunze hadi limalizapo masomo. Wanafunzi na wapime joto adhuhuri chini ya mti, kisha juu ya saruji, wajionee tofauti. Miongoni mwao yumo mhandisi wa kesho, na yumo atakayetia sahihi hati za ardhi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Nairobi tumekwisha kuuona. Linalosalia ni kulirudishia jiji hili haki ya kuitwa jina lake.