Sura ya Nne: Kinacholipwa Sokoni na Kisicholipwa

Mtu akiulizwa kwa nini anunue chakula cha kilimo hai, jibu linalomjia kwanza huhusu mwili wake mwenyewe: kina vitamini zaidi, kinakinga saratani, kinarefusha maisha. Sura hii haitaliegemea jibu hilo, kwa sababu ushahidi wake haujasimama vizuri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti nyingi zilizokwishachapishwa, wasione tofauti ya maana ya virutubisho kati ya chakula cha kilimo hai na kile cha kawaida. Miaka miwili baadaye kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, lilichambua machapisho 343 na kukuta baadhi ya viambato vinavyosaidia kulinda seli ni vingi zaidi katika mazao ya kilimo hai, na kadimi, madini yenye sumu, ni kidogo zaidi. Kuhusu saratani, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018 uliofuatilia watu wapatao 69,000 ulionyesha nafuu kwa walaji wa kilimo hai, lakini ule wa Uingereza wa mwaka 2014, wenye wanawake zaidi ya 600,000, haukuonyesha. Tena wengi wa wanaokula vyakula hivyo Ulaya wana kipato kizuri, wanafanya mazoezi na hawavuti sigara, kwa hiyo si rahisi kujua ni lipi kati ya hayo limewafaa. Uchambuzi wa Stanford na ule wa Newcastle unakubaliana juu ya jambo moja: mazao ya kilimo hai hukutwa na mabaki ya viuatilifu mara chache zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia, ila tusiyatazame mabaki hayo kama habari ya sahani peke yake. Dawa iliyobaki kwenye nyanya ni sehemu ndogo ya dawa iliyopigwa shambani. Iliyosalia imekwenda mahali: kwenye udongo, kwenye mto, kwenye ngozi na mapafu ya aliyebeba bomba. Bei ya nyanya hiyo haimlipi yeyote kwa hayo, na sababu kubwa ya kuchagua kilimo hai ni kwamba ni njia ya kuanza kuyalipa.

Hoja hiyo inaonekana vizuri zaidi katika wilaya ya Rungwe, Tanzania, kuliko katika vitabu vya Ulaya. Mji wa Tukuyu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, kwenye miteremko ya mlima Rungwe wenye karibu mita 3,000, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Kwa mgeni anayepita barabara ya Uyole kwenda Kasumulu, migomba inayofunika nyumba, chai, kahawa, miparachichi na ng'ombe wa maziwa zizini vinatosha kumfanya aseme kwamba chakula cha huku ni cha asili tu, hakuna cha kuchagua. Wenyeji wengi nao husema hivyo. Kwa ndizi, magimbi na iliki wanakaribia kabisa kuwa sahihi, maana mazao hayo kwa kawaida hayapigwi dawa. Hata chai, ambayo hulishwa mbolea ya NPK, kwa kawaida haihitaji dawa nyingi za wadudu. Lakini panda juu kidogo, Isongole na Ndaga, kwenye viazi mviringo, au tazama bustani za nyanya na kabichi zilizo karibu na mito, na maneno hayo hayashiki tena.

Adui wa kiazi ni ukungu uleule ulioteketeza viazi vya Ireland miaka ya 1840. Unapenda ubaridi na majani yaliyolowa, na Rungwe ina vyote viwili. Dawa za ukungu zenye mankozebu ni miongoni mwa zinazouzwa sana katika maduka ya pembejeo nchini, na hufanya kazi kwa kulifunika jani tu. Haziingii ndani ya mmea. Mvua kubwa ikinyesha jioni, kinga iliyopigwa asubuhi imesombwa. Mkulima hurudi baada ya wiki, na masika yakichachamaa hata kabla ya wiki kwisha. Humimina unga wa manjano kwenye ndoo, mara nyingi kwa kipimo cha kifuniko au kwa macho, hukoroga kwa kijiti, hujaza bomba la mgongoni la lita 16 au 20, kisha hutembea katikati ya matuta huku ukungu wa dawa ukimrudia usoni. Barakoa na glavu zimeandikwa kwenye kibandiko, lakini hazikuwemo kwenye bei ya pakiti. Nguo zilizolowa hufuliwa nyumbani pamoja na za watoto, na bomba huoshwa palipo na maji, yaani mfereji au kijito. Mwezi Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoendelea kuidhinisha mankozebu, kwa kuwa imewekwa katika kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi na kuvuruga homoni. Si kwamba wakulima wa huku hawajali afya zao. Gunia la lumbesa likishashushwa Dar es Salaam, sehemu kubwa ya bei imeishia kwa dalali na kwenye lori, na aliyelima hana ziada ya kununulia kinga wala ya kumruhusu apoteze shamba kwa kusubiri. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka miteremko hii kupita Kyela hadi Ziwa Nyasa, ambamo kuna mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine duniani. Mvuvi wa Matema hana kauli yoyote juu ya kinachooshwa kutoka kwenye matuta ya juu.

Kwa upande wa mlaji, nyanya inatisha kuliko kiazi, kwa sababu huiva kidogo kidogo na kuchumwa mara kwa mara huku ikiendelea kupigwa dawa. Kila kiuatilifu kina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini soko halisubiri. Utafiti uliofanywa kwa mboga na matunda ya wakulima wadogo wa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2020, ulikuta mabaki ya viuatilifu katika karibu nusu ya sampuli zaidi ya 600, na sehemu kubwa ya mabaki hayo ilivuka viwango vinavyoruhusiwa. Hapa pana jambo linaloniuma. Parachichi la Hass linalotoka Rungwe kwenda Ulaya hufuatwa na kumbukumbu za shamba, na linaweza kupimwa bandarini huko na kukataliwa likizidi kiwango. Tunayo sheria ya mwaka 2020 iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, lakini sado ya nyanya inayouzwa Tukuyu mjini au Kiwira haipitii maabara yoyote kabla ya kufika jikoni. Mtoto wa Rotterdam analindwa dhidi ya shamba la Rungwe kuliko mtoto wa Rungwe mwenyewe. Pale ambapo upimaji haupo, namna chakula kilivyolimwa ndiyo kinga pekee aliyonayo mnunuzi.

Udongo nao una deni lake. Udongo wa volkano una sifa ya rutuba, na unastahili sifa hiyo, ila una tabia moja ambayo muuza mbolea huwa haisemi: huing'ang'ania fosforasi. Sehemu kubwa ya fosforasi ya DAP inayomwagwa humo hukamatwa na chembe za udongo, mmea ukabaki na kidogo. Mboji na samadi husaidia kwa sababu vitu vinavyotokana na kuoza hushika nafasi zilezile ambazo fosforasi ingenaswa. Naitrojeni ya urea ina shida tofauti, kwa kuwa mvua ya milimita 2,000 huipeleka chini ya mizizi haraka, na mbolea za aina hiyo zikirudiwa miaka mingi bila chokaa huongeza tindikali ya udongo. Kwa hiyo mkulima hununua mifuko zaidi apate mavuno yaleyale. Mbolea ya chumvichumvi ina kazi yake, na shamba lililochoka kabisa huamka kwa hiyo upesi kuliko kwa kitu kingine chochote. Lakini haijengi kitu. Udongo unaolishwa vitu vinavyooza hushika maji, hupitisha hewa na hautiririki kwenye mteremko kila mvua inaponyesha.

Lazima tutenganishe kilimo hai na kilimo cha kutotia chochote. Shamba la mahindi lisilopata dawa wala mbolea, mabua yake yakachomwa kila mwaka, halina sumu, lakini linakamuliwa, na atakayelirithi ndiye atakayelipa. Kilimo hai ni kazi ya kurudisha. Mfano mzuri uko nyuma ya nyumba nyingi za Rungwe. Ng'ombe anafungwa zizini, analetewa mabingobingo, majani ya guatemala na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Samadi yake huwekwa kwenye mashimo ya migomba, majani makavu hutandazwa chini, na chini ya kivuli hustawi magimbi, kahawa na maharage. Maharage huleta naitrojeni ya hewani, matandazo huzuia magugu na mmomonyoko, maziwa huleta fedha ya kila siku. Wanyakyusa walikuwa wakilima ndizi na maharage na kufuga ng'ombe kwa pamoja kabla Wamoravian hawajafungua misheni yao Rungwe mwaka 1891. Tofauti ya sasa ni kwamba kaya nyingi zina eneo dogo zaidi, na samadi haiwezi kutosha kila mahali.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, la wingi wa mavuno. Mwezi Aprili 2021 Sri Lanka ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea za viwandani na viuatilifu kwa mkupuo mmoja. Mavuno ya mpunga na chai yakaporomoka, na kufikia Novemba serikali ikarudi nyuma. Anayetetea kilimo hai bila kuutaja mkasa huo hawatendei haki wasomaji wake. Majaribio ya muda mrefu ya Therwil, Uswisi, yaliyoanza mwaka 1978, yalionyesha mavuno ya kilimo hai kuwa pungufu kwa takriban asilimia 20 kwa wastani, na kwa viazi pungufu zaidi, kati ya theluthi moja na mbili ya tano. Majaribio ya Chuka na Thika nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 2007, yanatia moyo zaidi: baada ya miaka ya mwanzo ya mpito, mahindi ya kilimo hai yalikaribia yale ya kawaida. Ninachosoma katika hayo yote ni kwamba amri ya ghafla ni kosa, na kwamba zao na mahali ndivyo vinavyoamua. Kuhamisha migomba, kahawa, parachichi na mboga za Rungwe kwenda kilimo hai hakutamnyima mtu chakula. Viazi ni kazi ngumu. Vinahitaji mbegu safi, aina zinazostahimili ukungu, mzunguko wa mazao, na utafiti wa kituo kama TARI Uyole uelekezwe huko kwa makusudi. Upungufu nao haumalizi hesabu, kwani gunia la ziada lililopatikana kwa kupiga dawa kila wiki halijatolewa gharama ya dawa, ya ugonjwa na ya mto.

Wapo wanaosema kilimo hai nacho kina sumu zake. Ni kweli. Shaba inayoruhusiwa dhidi ya magonjwa ya kahawa hulundikana udongoni ikitumiwa ovyo, na utupa, mmea unaotwangwa kuua wadudu, ndio huohuo unaolevya na kuua samaki. Cha asili si lazima kiwe salama. Utafiti ule wa 2020 ulikuta bakteria pia kwenye mboga nyingi, na samadi mbichi ni chanzo kimojawapo, ndiyo maana samadi inapaswa kuoza vya kutosha kabla ya kukaribia mchicha.

Bei ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, na uthibitisho ndio unaoipandisha. Kyela, bondeni chini ya Rungwe, kakao ya kilimo hai imekuwa ikiuzwa nje ya nchi kwa miaka mingi, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya yuko tayari kulipia ukaguzi. Kwa soko la ndani, gharama ya wakaguzi wa kimataifa haibebeki kwa mwenye robo eka. Afrika Mashariki ilishapata dawa yake: mwaka 2007 nchi zetu zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, chenye alama ya Kilimohai, na Tanzania ina Shirikisho la Kilimo Hai, TOAM, lililoanzishwa mwaka 2005. Chini ya kiwango hicho wakulima wa kikundi wanaweza kukaguana wenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa, wanunuzi wakishirikishwa. Mwaka 2023 Serikali nayo ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai wa hadi mwaka 2030. Kilichopungua ni wanunuzi wa kutegemewa.

Mnunuzi wa Tukuyu hahitaji kubadili kapu lote. Kwa ndizi na magimbi hana sababu ya kulipa shilingi ya ziada kwa ajili ya jina tu. Fedha ya ziada iende kwenye nyanya na kabichi kwanza, kisha viazi, kwa mkulima anayekubali kueleza alipiga nini mara ya mwisho, lini, na samadi yake ilikaa muda gani. Lakini wenye nguvu zaidi ya mama mmoja na kapu lake ni wanaonunua kwa magunia: shule za bweni, hospitali na vyuo. Shule ikiingia mkataba wa muhula mzima na kikundi kinachokaguana, mkulima anapata uhakika ambao dalali hawezi kumpa, na anaweza kupanda kiazi kinachostahimili ukungu hata kama si kile kinachopendwa na wakaanga chipsi wa mjini.