Koki ya hita haizibwi kwa binzari

"Fundi, niongeze vijiko vingapi vya binzari kwenye rejeta?" Swali hilo nimeulizwa tena, safari hii na dereva wa Hilux ya zamani aliyefika Isongole kutoka Mpemba akiongeza maji njia nzima. Ameshaweka vitatu. Jibu ni kwamba hata kimoja kilikuwa kingi.

Rejeta yake nzima. Kilichopasuka ni koki ya hita, kile kidude cha plastiki kilichofungwa kwenye mpira wa maji unaopita ukutani nyuma ya injini kwenda ndani ya dashibodi. Ukisogeza kitasa upande wa joto, waya unaivuta, maji ya moto yanaingia kwenye hita.

Najua kwa nini watu wanaamini binzari. Unga unazunguka na maji, unavimba, unanasa kwenye tundu dogo la rejeta, na tone linakauka kwa siku mbili tatu. Ila unga hauchagui pa kunasa. Mirija ya hita ni myembamba, na koki ikiwa nusu wazi maji hupita polepole, kwa hiyo unatua humo. Nilipofungua mpira wa hita ya Hilux ile lilitoka tope la njano, zito kama uji uliolala. Koki yenyewe ilikuwa bado inavuja, maana ufa wake uko shingoni, pale mhimili unapozunguka: kila ukigusa kitasa, ufa unafunguka upya. Binzari gani itashika hapo?

Kibaya zaidi, unga huo hukaa kwenye mfuniko wa rejeta, unaoshikilia presha, nao haufungi tena sawasawa. Bila presha, maji matupu mita 1,500 juu ya bahari huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Pandisha mlima wa Ileje na mzigo katika hali hiyo, kisha uje tuzungumze habari ya gasketi ya silinda hedi. Nimechoka kufungua injini kwa sababu ya kiungo cha jikoni!

Na msiniambie hita ni ya Ulaya. Asubuhi ya Julai hapa kwetu kioo cha mbele kinaziba kwa ukungu, dereva anafuta kwa kiganja huku watoto wanavuka barabara. Kuziba mipira kwa bolti ni kosa jingine. Kuna injini zinazotegemea njia hiyo kuzungusha maji kabla thamostati haijafunguka.

Fanya hivi. Injini ipoe kabisa. Hakikisha gari lako lina koki. Mengi ya kisasa hayana, na zulia la abiria likilowa maji ya kulanti, hita yenyewe ndiyo inavuja. Mpira uliogandia uchane kwa urefu, usiuvute, ukivunja mdomo wa hita utashusha dashibodi. Funga koki mpya, mshale ukifuata maji, klipu mpya, rudisha waya. Kulanti nusu, maji safi nusu, kitasa kwenye joto, washa injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, mpaka mapovu yaishe. Spea ikikosekana Tunduma, unga mpira kwa kipande cha bomba la chuma. Hita itakuwa ya moto muda wote, lakini utafika.

Hita ya Hilux niliisukumia maji kinyumenyume. Mara nne yalitoka ya njano. Mara ya tano yakatoka bila rangi, ndipo nikafunga koki.