Fahamu: Je, ukiwa na saratani ya matiti lazima titi likatwe?

Mama au dada akigundulika na saratani ya matiti, kikao cha familia huanza na swali moja: titi litakatwa? Si lazima. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na daktari Bernard Fisher, ulioanza mwaka 1976, uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20. Saratani ikiwa haijaenea, walioondolewa uvimbe pekee walinusurika sawa na waliokatwa titi zima. Waliopigwa mionzi baada ya upasuaji huo, asilimia 14 walirudiwa na ugonjwa kwenye titi lile lile. Bila mionzi, asilimia 39.

Kwa hiyo mionzi si ya kuruka. Nchini Tanzania hutolewa, kwa mfano, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anayetoka mkoani huhitaji nauli na pa kulala kwa wiki kadhaa, na hilo ndugu walipange mapema.

Kuhusu dawa, kinyama kinachotolewa kwenye uvimbe na kupimwa maabara ndicho huamua mengi. Kikiwa na vipokezi vya homoni, kuna vidonge vya tamoxifen, humezwa miaka mitano au zaidi. Kikiwa na protini ya HER2 kwa wingi, kuna dawa ya trastuzumab.

Ulizeni majibu ya kipimo hicho kabla mgonjwa hajasaini fomu ya upasuaji.