Utangulizi: Njia Aliyopita Mgonjwa

Kabla hujashika majina ya magonjwa ya akili, nakuomba ushike swali moja: huyu mgonjwa amepita wapi hadi kukufikia?

Hapa Kambarage, Shinyanga, jibu huwa refu. Familia huanza kwa wazee wa ukoo, ikaenda kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, ikaenda kwenye maombi. Inapofika hospitali, ng'ombe wameshauzwa. Usiwalaumu. Kwa miaka mingi hospitali ya wagonjwa wa akili ilikuwa Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Kumpeleka ndugu huko, kupitia Nzega na Singida, kulikuwa kama kumzika. Mfumu yuko jirani, anazungumza Kisukuma, na anauliza habari za nyumba nzima. Ngoma, Prince na Mann walichapisha mwaka 2003 utafiti wao wa Dar es Salaam: kati ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48 walikuwa na sonona, wasiwasi na matatizo ya jinsi hiyo, kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 24. Mtaalamu anayewangoja wagonjwa kliniki tu, basi, atawakosa wengi. Aende akaketi na waganga, nao wajue ni nani wa kumleta upesi.

Tena kuna machimbo. Kijana anakwenda Geita kutafuta dhahabu, anarudi mikono ikitetemeka, halali, anasahau, anafoka bila sababu. Mtaani watasema karogwa, au ni bangi. Wewe muulize kazi aliyokuwa akifanya. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha wakachoma bonge la dhahabu na zebaki kwenye moto wa mkaa. Mvuke wake huvutwa mapafuni na kufika kwenye ubongo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofanywa Rwamagasa, Geita, mwaka 2003 ulikuta watu wenye dalili za sumu hiyo, hasa miongoni mwa wachomaji. Kijana wa namna hii hatatulizwa na vidonge huku kila jioni anarudi kwenye mvuke uleule. Nasisitiza hili kwa sababu ni rahisi mno kuliacha, na anayeumia hana wa kumsemea.

Habari njema zipo. Tangu mwaka 1980, kwa kuanzia Morogoro na Kilimanjaro, nchi ilijaribu kuwafunza wahudumu wa zahanati kutibu maradhi haya karibu na nyumbani. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuchoma sindano ya kila mwezi na kumjua mgonjwa kwa jina. Lakini dawa zikikatika, mgonjwa aliyekwisha kutulia huanza tena kuhangaika, na majirani husema hospitali imeshindwa.

Bado kuna jambo ambalo muuguzi hawezi kulifanya peke yake: kumrudisha aliyepona kati ya wenzake. Usukumani, nsumba ntale, kiongozi wa vijana, huwaita wenzake walime shamba la mmoja wao kwa pamoja. Aliyepona naye ataitwa? Ndiyo maana sura ya kwanza inaanzia uani kwake, asubuhi ya siku ya kulima, jembe likiwa limeegemezwa ukutani.