Sarafu Iliyoangukia Kichwa Mara 92: Ubwege na Usasaleo kwa Tom Stoppard

Mimi ni mtu wa uhandisi, mambo ya tamthilia niliyaacha kidato cha nne. Kwa hiyo mwenzangu wa idara ya fasihi aliponikokota kwenda kutazama Rosencrantz and Guildenstern Are Dead, nilijua nakwenda kusinzia tu. Sikusinzia, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na mtunzi mwenyewe. Tom Stoppard alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Zlín, Chekoslovakia ya wakati ule. Zlín ndiko ilikoanzia kampuni ya viatu ya Bata, ndiyo hiyo hiyo Bata tuliyovaa shuleni, na baba yake alikuwa daktari wa kampuni hiyo. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, ikakimbia Wanazi mwaka 1939 kwenda Singapore. Vita ikawafuata huko. Baba akafa, mama na watoto wakaishia India, na mwaka 1946 wakaja Uingereza na baba wa kambo, mwanajeshi wa Kiingereza, ambaye ndiye aliyewapa jina la Stoppard. Mtunzi alifariki Novemba 2025, akiwa na miaka 88.

Tamthilia yenyewe ilionyeshwa mara ya kwanza Edinburgh mwaka 1966 na kundi la wanafunzi wa Oxford (wanafunzi kama sisi, jamani!), na mwaka uliofuata ikapanda jukwaa la National Theatre, London.

Sasa, kisa ni hiki. Katika Hamlet ya Shakespeare wamo vijana wawili wadogo wadogo, Rosencrantz na Guildenstern. Mfalme anawaita wamchunguze rafiki yao Hamlet, kisha anawatuma Uingereza na barua. Mwisho tunaambiwa wamekufa, basi. Stoppard akawachukua hao hao akawaweka katikati ya jukwaa. Wakubwa wanapita tu, wanasema maneno yao ya Shakespeare, wanatoka. Hawa wawili wanabaki wanaulizana: tumeitiwa nini? Tunakwenda wapi? Hata majina yao wenyewe wanayachanganya.

Hapo ndipo penye usasaleo, yaani fikra zilizokuja baada ya usasa. Mwandishi wa namna hii hajidai kuumba kitu kipya kutoka hewani. Anachukua kazi ya zamani, anaigeuza, anaichezea, na anakuuliza: nani kasema mwana wa mfalme ndiye mwenye kisa? Tena anakukumbusha kila mara kwamba unatazama mchezo. Kuna mahali Guildenstern, kwa hasira, anamchoma kisu mkuu wa kundi la waigizaji. Jamaa anaanguka, anakufa, ukumbi kimya. Halafu anainuka na wenzake wanampigia makofi. Kisu kilikuwa cha maigizo. Guildenstern alidanganyika, na sisi tuliolipa kiingilio tulidanganyika naye.

Na ubwege je? Neno hili wahakiki wetu wa Kiswahili wanalitumia kwa sanaa inayoonyesha maisha yasiyo na mantiki. Albert Camus alieleza mwaka 1942 kwamba mtu anauliza maana, na dunia inanyamaza. Samuel Beckett akaliweka jambo hilo jukwaani Paris mwaka 1953, watu wawili wakimsubiri Godot asiyekuja. Kwetu, Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alipita njia hiyo katika Amezidi (1995), na wahusika wake Ame na Zidi.

Stoppard anaufungua ubwege kwa sarafu. Wawili hawa wanarusha, kichwa au mwenge kama tusemavyo nyumbani, na inaanguka kichwa mara 92 mfululizo. Hapo mhandisi niliamka. Uwezekano wake ni moja kwa 2 kipeo cha 92, nambari yenye tarakimu 28. Maabara nikipata jibu kama hilo nasema chombo kimeharibika. Lakini Guildenstern anajua kwamba sarafu haina kumbukumbu: kila mrusho ni nusu kwa nusu, kwa hiyo hata la 92 halivunji kanuni yoyote. Hesabu inakubali, akili inakataa. Huo ndio ubwege.

Kwa nini haya yalinigusa? Mwaka ule bibi yangu alifariki Muheza. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini kuongezewa viza, na nikitoka nchini maombi yanafutika. Kila nikipiga simu naambiwa subiri. Nani anaamua, lini, kwa sababu gani, hakuna ajuaye. Alizikwa bila mimi. Nilipowaona wale wawili na barua yao nilisema moyoni, hawa ni sisi.

Lakini Stoppard hakuniacha nijihurumie. Melini wanaifungua barua, wanaona inaagiza Hamlet auawe. Wanajadili, wanajipa sababu, wanaifunga tena na kunyamaza. Wakiwa wamelala Hamlet anaibadilisha, na wakija kuifungua mara ya pili, wanaouawa ni wao. Kumbe hata mtu asiyejua mwanzo wala mwisho wa safari yake, kuna dakika moja alijua jambo na angeweza kusema neno. Mimi kwenye foleni ile niliona wenzangu wakifokewa mbele yangu, nikatazama sakafu, nisije nikaharibu langu.

Kwa hiyo ukibahatika kuikuta inachezwa, usitafute kisa chenye kichwa na miguu. Tazama ile barua, na watu waliokuwa nayo mkononi.