Kuwahoji Wageni: Kupata Habari za Mashine Pepe kwa Mstari wa Amri

Mwalimu mwanafunzi anapokabidhiwa chumba cha kompyuta, swali la kwanza analopaswa kulijibu ni hili: Mna nini humu? Kama kompyuta zote ziko mezani, atapita moja baada ya nyingine na kuandika. Lakini siku hizi kompyuta moja yenye nguvu huweza kubeba ndani yake kompyuta nyingine kadhaa zisizoshikika kwa mkono, ambazo tutaziita mashine pepe. Kila moja ina mfumo wake wa uendeshaji na mafaili yake. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo ulio ndani ya mashine pepe huitwa mgeni. Makala haya yaeleza namna ya kuwauliza wageni hao habari zao kwa amri zilizoandikwa, na namna ya kuyapima majibu yao, kazi ambayo ndiyo ngumu zaidi.

Tutumie programu ya VirtualBox, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Amri yake kuu ni VBoxManage, na katika mfano wetu mwenyeji anatumia Linux. Tukiandika

VBoxManage list vms

twapata majina ya mashine zote zilizoandikishwa na mtumiaji aliyeingia, kila jina ndani ya alama za kunukuu. Tukiandika runningvms badala ya vms, twapata zile tu zilizowashwa.

Hapa hapana budi kutofautisha vyanzo viwili vya habari. Amri ya showvminfo, ikifuatwa na jina la mashine, hueleza pamoja na mengine aina ya mfumo wa mgeni. Habari hiyo haikutoka kwa mgeni. Iliandikwa na yule aliyeiunda mashine. Ni kama daftari la uandikishaji: lilijazwa siku mtoto alipoletwa shuleni, wala halijui yaliyompata baadaye. Kama mashine iliandikwa kuwa ya Windows na baadaye mtu akaweka Linux ndani yake, daftari litaendelea kusema Windows.

Chanzo cha pili ni mgeni mwenyewe. Ili aweze kusema, lazima ndani yake pawekwe kifurushi kiitwacho Guest Additions, chenye mtumishi anayempelekea mwenyeji habari: jina la mfumo, toleo lake, anwani za mtandao, na watu walioingia. Nasi twaweza kuwauliza wageni wote kwa mfululizo kwa skripti fupi:

VBoxManage list runningvms | cut -d '"' -f 2 | while read -r jina
do
echo "$jina"
VBoxManage guestproperty get "$jina" /VirtualBox/GuestInfo/OS/Product
done

Mstari wa kwanza huchukua orodha, huchambua kilichomo ndani ya alama za kunukuu, kisha hukabidhi majina moja moja. Alama za kunukuu zinazoizunguka $jina zisiachwe. Mashine ikiitwa Darasa la Tano, bila alama hizo amri itadhani imepewa maneno matatu mbalimbali. Kosa hili wanafunzi hulifanya karibu kila mara, na ni vema waachwe walifanye mara moja ili waone matokeo yake.

Mgeni wa Linux atajibu Value: Linux tu, bila kutaja ni Linux ya aina gani. Anayetaka zaidi aulize Release mahali pa Product. Mgeni mwingine atajibu No value set!, yaani hakuna thamani iliyowekwa.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Nilikuwa nikipunguza mashine ili kupata nafasi katika diski, nikaona moja isiyosema lolote, nikahukumu kwamba haina kitu, nikaifuta kabisa. Kumbe ilikuwa na maandalio ya masomo ya walimu wanafunzi wawili waliokuwa wakingojea mazoezi ya kufundisha. Hakuna aliyekuwa ameweka Guest Additions ndani yake, basi. Walikesha siku kadhaa wakiandika upya, na mimi nikawasaidia, lakini yaliyopotea hayakurudi yote.

Kwa hiyo, mbele ya kimya, uliza kwanza kama mjumbe yupo. Sifa ya kuulizia ni /VirtualBox/GuestAdd/Version. Isipokuwa na thamani, kimya cha mgeni hakithibitishi lolote juu ya yaliyomo. Fungua mashine uitazame kwa macho yako.

Kinyume chake pia kipo: jibu lililokwisha pitwa na wakati. Baadhi ya sifa huhifadhiwa hata mashine ikizimwa, na amri itazitoa kana kwamba mgeni amesema sasa hivi. Amri ya guestproperty enumerate huonyesha kila sifa pamoja na wakati ilipoandikwa, nao ni wa kuangaliwa. Tena, ukiuliza anwani ya mtandao, usishangae wageni wanne wakijibu wote 10.0.2.15. Katika mpango wa mtandao uitwao NAT, ambao VirtualBox huuweka yenyewe, kila mgeni yumo katika mtandao wake wa pekee, na kwa kawaida hupewa anwani ileile.

Darasani, somo hili lianze kabla ya kugusa kompyuta. Wanafunzi wanne wasimame nje ya mlango, kila mmoja akiwa na kadi yenye jina la mfumo. Mmoja asiwe na ruhusa ya kusema. Mwingine asome kadi ya jana, ingawa amepewa mpya. Mwenyeji abaki ndani na daftari, aulize kwa sauti, aandike ubaoni anachosikia. Kisha mlango ufunguliwe na kadi zilinganishwe na ubao. Dakika 20 zatosha. Wakiisha kubishana juu ya yule aliyenyamaza, waandikiwe skripti ubaoni, nao waelezane ni mstari upi uliofanya kazi ya kuuliza mlangoni.